Siku Niliyomtafsiria Mzee Mrusi

Jamani, habari hii nimekaa nayo mwaka mzima na ushee bila kumsimulia mtu, na ningeendelea kunyamaza mpaka naingia kaburini kama si yule Bibi Nangasu, ambaye juzi kanikuta sokoni hapa Same nachagua nyanya, kasimama katikati ya watu na kikapu chake kichwani, kaniita kwa sauti, "We Eli, yule mtu wako wa supu, kafufuka tena?" Watu wakageuka. Nikajichekesha pale, nikaondoka bila nyanya. Sasa kwa kuwa imeshaanza kutoka, na nyie mlivyo hodari wa kuongeza chumvi, afadhali niiseme mwenyewe. Niliaibika. Niliaibika mchana kweupe, ndani ya ukumbi wa kanisa, nimevaa shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili.

Wale wa zamani mnanijua, nilikuwa Eli Mdomo wa kibanda cha video nyuma ya stendi. Kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa yenye tumbo, na mimi pembeni na maiki iliyofungwa kwa utepe mweusi, muvi inakwenda, mimi natafsiri. (Kutafsiri ni neno la heshima tu. Kiingereza nilikisikia kwa mbali, Kichina na Kihindi sikujua hata salamu, lakini nani alijali?) Jumapili walikuwa wanateremka watu wa mashamba ya mkonge, huyu wa Kigoma, huyu wa Singida, huyu wa Iringa, wanabanana kwenye mabenchi, vijana wa Kimasai wameegemea fimbo zao mlangoni, na wote hao wanakuja kunisikiliza mimi, muvi ilikuwa kisingizio. Stelingi, yule shujaa wa muvi, akikohoa, mimi nampa maneno ya dakika nzima. Adui akifungua mlango, namtukana kabla hajaingia. Walikuwa wanacheka mpaka mabati yanalia. Nikikumbuka kelele zile, mpaka leo moyo unaniuma kidogo, kwa sababu simu zilipoingia kila mtu akawa na kibanda chake mfukoni, mabenchi tukayagawa, televisheni sijui iliishia wapi, na mimi nikafungua hiki kiduka cha kutengeneza simu na kuwawekea watu muvi kwenye fleshi. Wananunua, wanaondoka, wanacheka huko kwao. Mimi sisikii.

Basi, siku moja kaja dada Naetwe, binti mkubwa wa Mzee Zefania wa kule Mbaga. Mzee Zefania mnamjua kwa jina la Mzee Mrusi, yule daktari wa mifugo mstaafu aliyetibu ng'ombe wa milima yote ya Upare wa kusini, na tulimwita Mrusi kwa sababu ujana wake alisoma Urusi, hilo kila mtoto wa Mbaga alilijua kabla ya kujua sala. Mzee alikuwa amepigwa na kiharusi, kalazwa, karudi, mguu ukafunguka, ulimi ukabaki mzito, na familia ikaamua kumfanyia ibada ya shukrani.

"Mdogo wangu," dada Naetwe akaniambia, "baada ya ibada na chakula, tunataka tumwoneshe baba filamu. Ni ya kule Romania. Rafiki yake wa zamani, anaitwa Doru, ndiye kamtumia. Nilimtafuta huyo Doru kwenye mtandao miezi mitatu, mjukuu wake ndiye kanijibu. Maandishi ya Kiingereza yapo chini. Wewe utawasomea watu kwa Kiswahili, si ndiyo kazi yako ya zamani?"

Jamani, aliponiambia "kazi yako ya zamani" nilisikia joto mpaka kwenye masikio. Nikasema, "Dada, hilo niachie mimi."

"Na usiikate njiani," akasema. "Mjukuu wake kasema baba aangalie mpaka pale kwenye ngazi. Sijui ngazi gani, lakini usiikate."

Nikajipigia hesabu yangu kichwani, nikaona huyo Mromania bila shaka walisoma naye Urusi, nikaishia hapo. (Kumbukeni hili, maana ndilo lililonimaliza.)

Sasa uamuzi wenyewe mdogo ni huu. Asubuhi ya siku hiyo nimechomeka fleshi ya dada Naetwe kwenye kompyuta yangu, nakuta mafaili mawili, moja kubwa, ndiyo filamu, na lingine dogo kama punje, lina jina refu lisilosomeka. Mimi kila siku nasafisha virusi kwenye vyombo vya watu. Nikaliangalia lile faili dogo, nikasema huyu namjua, nikalifuta palepale kwenye fleshi huku natafuna mhogo, nikajisifu kwamba nimeokoa jahazi. Nikafungua filamu sekunde tano, picha ipo, sauti ipo, nikafunga. Nikafunga projekta na spika nyuma ya pikipiki, nikapita Mwembe, nikaanza kupanda mlima naimba.

Ibada ilikuwa nzuri, kwaya iliimba mpaka Mzee Zefania akatoa leso. Tukala makande, tukanywa chai ya tangawizi, halafu akina mama wakafunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi ili giza liingie, shuka jeupe likatandikwa ukutani, na watu kama sabini wakakaa. Mbele kabisa kwenye kiti cha mikono kakaa Mzee Zefania na bakora yake. Karibu naye Bibi Nangasu, ambaye ana miaka tisini na masikio ya miaka ishirini. Nyuma yao Mzee Elinami, mzee wa kanisa, mtu wa vikao. Dada Naetwe yeye alibaki nje kwenye masufuria, wageni wengine walikuwa bado hawajala.

Nikashika maiki. Nikapiga "moja, mbili, moja, mbili", ukumbi mzima ukanyamaza ukinitazama, na mimi nikajisikia nimerudi nyuma ya stendi. Nikawasha.

Picha ikaja. Mji wa kijivu, theluji imechafuka, maghorofa yamepangana kama masanduku, mwanamume mmoja kavaa koti, kabeba mfuko una kabichi na kwapani ana bahasha kubwa ya kahawia. Anatembea. Anaendelea kutembea. Akakutana na mtu, wakaongea, tena wakaongea sana, na mimi macho yangu yapo chini ya picha yanasubiri maandishi. Hakuna maandishi. Nikagusa hapa, nikagusa pale. Hakuna. Ndipo nikaliona lile faili dogo kichwani mwangu, na lile jina lake refu, na ule mhogo.

Ningeweza kusema. Hapo, jamani, hapo ndipo pa kusema, "Wazee wangu, samahani, nimeharibu, maandishi nimeyafuta kwa makosa." Wangecheka kidogo, wangenisamehe, tungekunywa chai nyingine. Mtandao ukumbini haukuwepo, ningesema hata hilo. Lakini watu sabini wamenyamaza wananisubiri mimi, na kimya cha namna ile nilikuwa sijakipata miaka mingi. Mzee Elinami akageuka, "Kijana, anasemaje huyo?"

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Anasema: Nimetoka ikulu! Ndani ya bahasha hii kuna siri ya rais, na anayeitaka atanipitia mimi kwanza!"

Ukumbi ukasema "Aaaah!" Kwisha habari yangu.

Tatizo ni kwamba ile filamu haikuwa na haraka na mtu yeyote. Kwenye kibanda changu dakika mbili bila ngumi watu walikuwa wanarusha viatu. Huku mtu kaingia jikoni kwake, kakaa, kaanza kunywa supu, na kamera imetulia tu inamwangalia, kijiko kinapanda, kijiko kinashuka, dakika nne. Nikaona watu wanaanza kusogeasogea, nikasema, "Supu imetiwa sumu! Hajui! Maskini hajui!" Akina mama wakashika midomo. Yule mtu akaweka kichwa mezani, nadhani alikuwa amechoka tu. "Amekufa!" nikasema. Mama mmoja akasema "Bwana Yesu". Picha ikakatika, ikaja nyingine, na yule marehemu yupo jikoni palepale anakunywa supu nyingine.

"Kafufuka?" Bibi Nangasu akauliza, na kwa kuwa tupo kwenye ukumbi wa kanisa swali likawa zito.

"Huyu ni pacha wake, bibi," nikasema. Jasho limeshaanza.

Sasa kulikuwa na mwanamke mle ndani, mtu mzima kidogo, ana kilemba, kila mara anamfungulia stelingi mlango na kumvua koti. Mimi nilikuwa nimeshamtangaza kwamba ni mama yake mzazi, mjane, anamwombea mwanawe usiku na mchana, na akina mama wa ukumbini walikuwa wamempenda kweli, mmoja analia. Basi huyo mama mzazi kamsogelea mwanawe, kamshika mashavu, kambusu mdomoni. Na si busu la haraka. Nawaambia, kamera yao haina haraka.

Viti vikalia. Mke wa mchungaji akamfunika macho mtoto wake. Mzee Elinami akasimama nusu. Mimi nikasema kwenye maiki, kwa sauti yenye heshima zote, "Kwa desturi za kwao, mama humpa mwana baraka za safari namna hiyo."

"Desturi gani hiyo?" Bibi Nangasu akasema. "Zefania! Ulipokuwa huko Urusi uliyaona haya?"

Ndipo nikamtazama Mzee Zefania kwa mara ya kwanza tangu nianze. Alikuwa ameegemea mbele, mikono yote miwili juu ya bakora, shingo ameinyoosha kama mtu anayejaribu kusikia redio yenye mikwaruzo. Nikadhani amenogewa. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema moyoni, hata Mrusi nimemshika.

Basi nikaongeza moto. Ikaja ile sehemu, stelingi anapanda ngazi za ghorofa na bahasha yake, na kwenye ngazi ya katikati kuna mzee kakaa, mzee wa kizungu mwembamba, kofia ya sufu, mikono mikubwa, nadhani ni jirani yake. Stelingi akasimama. Yule mzee akaanza kuongea polepole, macho yapo chini, anaikunjakunja ile kofia. Mimi nimekaa tangu mwanzo natafuta adui, filamu nzima haina adui, nikasema huyu hapa. "Ha ha haaa!" nikanguruma kwenye maiki mpaka spika ikakoroma. "Ndiyo! Ni mimi Mzee Nyoka! Mimi ndiye niliyemuua baba yako, na leo nakumaliza wewe na bahasha yako!" Vijana wa nyuma wakapagawa, "Mpige! Mpige huyo!" Watu wanapiga viti. Yule mzee kwenye shuka machozi yanamtoka, mimi nasema, "Anacheka mpaka analia, katili huyu!" Kelele, jamani, kelele zilezile za nyuma ya stendi, na mimi nimefumba macho nazinywa.

Kelele zikaanza kupungua kutoka mbele kwenda nyuma. Nikafumbua macho. Mzee Zefania alikuwa anagonga sakafu kwa bakora, ko, ko, ko, na alikuwa amesimama peke yake bila kushikwa, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aumwe.

"Zima," akasema.

Nikakimbilia projekta, nikazima. Ukumbi ukawa giza.

"Si mashine," akasema, ulimi mzito, neno moja, pumzi, neno jingine. "Mashine… washa. Zima… wewe."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Nikawasha projekta, picha ikasimama palepale, yule mzee wa ngazi na kofia yake. Mzee Zefania akainyoosha bakora, akamwonesha.

"Huyu ni Doru," akasema. "Rafiki yangu."

Mwenzenu nilitamani sakafu ipasuke. Dada Naetwe ameshaingia na mwiko mkononi, amesimama mlangoni haelewi. "Eli," akaniuliza, "maandishi yako wapi?" Na hapo, kwa kuwa hakukuwa tena na pa kukimbilia, nikasema yote, faili, kirusi, mhogo, ikulu, sumu, pacha, mama mzazi. Niliyasema kwenye maiki kwa sababu nilisahau kwamba bado nimeishika, kwa hiyo hata waliokuwa nje kwenye masufuria waliyasikia.

Mzee Elinami ndiyo akapata uhai. (Sisi Wapare tunavyosemwa kwa kupenda kesi, siku ile sikuwa na la kujitetea.) "Ndugu zangu," akasema, "jambo hili haliwezi kupita hivi hivi. Mtu katudanganya ndani ya nyumba ya ibada saa nzima. Na huyo mama aliyebusu, kumbe ni nani? Napendekeza tukae, tuchague mwenyekiti, kijana huyu ajieleze tangu mwanzo."

"Ni mke wake," akasema Mzee Zefania.

"Nani?"

"Yule mama. Ni mke wake. Na mtu wa supu… ni yuleyule mmoja. Hakufa."

"Wewe Zefania," Bibi Nangasu akasema, "unajua lugha hii?"

Mzee akakaa. Akafuta uso kwa leso. "Mimi sikusoma Urusi," akasema.

Nasema kweli, kama angesema yeye si mtoto wa Mbaga watu wasingeshangaa zaidi. Alisomea Romania, miaka sita. Aliporudi, nusu ya mlima uliteremka kumpokea, kwaya na ngoma, mtu mmoja kwenye umati akapiga kelele, "Karibu nyumbani, Mrusi!" Watu wakashangilia, na yeye, kijana, akaona aibu kuwasahihisha siku ya furaha namna ile. Akasema atawaambia kesho yake. Kesho yake wakaja na ng'ombe mgonjwa. Ikapita miaka arobaini. Mkewe na watoto walijua, wakazoea. "Kwa hiyo huyu kijana," akasema, akininyooshea bakora, "si wa kwanza kunitafsiri vibaya. Kesi iwe yetu sote." Mzee Elinami akakaa chini taratibu.

Halafu akatueleza filamu, kwa maneno machache machache, na sitasahau jinsi ukumbi ule ulivyokaa kimya, kimya tofauti na kile changu. Alisema kule kwao zamani serikali ilikuwa inasikiliza watu majumbani, na jirani alikuwa anaitwa ofisini kuulizwa jirani yake kasema nini. Serikali ile ikaangushwa, watu wakafurika barabarani, wakalia, wakaimba, na baada ya miaka mingi mafaili yakafunguliwa, mtu akawa anaweza kwenda kuomba faili lake asome nani alikuwa anamchongea. Yule mwenye kabichi ndani ya bahasha ana faili lake. Siku tatu anatembea nalo. Hajui kama alifungue. Akimwangalia mkewe anajiuliza, akimwangalia ndugu yake anajiuliza, hata supu anainywa na mashaka. "Basi," akasema mzee. "Hakuna ikulu."

"Na wewe?" Dada Naetwe akamuuliza taratibu. Alikuwa amekaa miguuni pake na ule mwiko bado mkononi. "Huyo Doru?"

Walikaa chumba kimoja, akasema. Jioni moja ya baridi, wawili tu, Zefania alisema utani kuhusu mkubwa wa nchi ile na foleni za mikate. Wiki iliyofuata akaitwa ofisini, akasomewa utani wake neno kwa neno. Walimwacha amalize masomo kwa sababu alikuwa mgeni, lakini walimtisha, na tangu siku hiyo hakuweza kucheka chumbani mwake. Hakumuuliza Doru. Alirudi nyumbani, zikaja barua tatu kutoka kwa Doru, hakuzijibu. Aliposikia redioni kwamba serikali ile imeanguka na watu wamepigwa risasi barabarani, alikaa nje na redio yake mpaka betri zikaisha, akitaka kujua kama Doru yu hai, na wakati huohuo hataki kujua alikuwa upande upi. "Miaka arobaini," akasema. "Na pengine kuta zilikuwa na masikio. Pengine si yeye."

Nikaelewa sasa nimefanya nini. Yule mzee kwenye ngazi alikuwa ameongea dakika mbili nzima, sauti ambayo rafiki yake hajaisikia tangu ujana, na mimi nikaifunika kwa "Ha ha haaa". Nililia, jamani, sioni aibu kusema. Mzee akanigonga goti kwa bakora, si kwa nguvu. "Rudisha," akasema. "Kaa kimya. Natafsiri mimi."

Nikarudisha. Doru akaanza kuongea, polepole, akikunja kofia. Mzee Zefania alisubiri mpaka mwisho, akaniashiria nisimamishe, akafumba macho akatwambia.

"Anasema: 'Usifungue. Ndani kuna jina langu. Waliniuliza unakunywa chai na nani, unacheka nini, nikawaambia. Nilijisemea ni chai tu, ni kicheko tu. Mpaka leo sijui kama niliogopa, au nilitaka tu waniite mtu mwema.'"

Mimi nikauliza, sijui nani alinituma, "Babu, hayo ni maneno ya filamu au ni ya kwake?"

Mzee alimtazama yule mtu kwenye shuka. "Ndilo ninalojiuliza," akasema. "Waigizaji wanapewa maneno. Na ameyakubali."

Bibi Nangasu akakohoa. "Basi huyu mtoto hakukosea sana," akasema. "Si alisema mzee kakiri ni yeye?" Ukumbi ukacheka, na Mzee Zefania akacheka kwa upande ule mmoja wa mdomo unaofunguka, na mimi nikacheka huku nafuta kamasi.

Tukaimalizia filamu bila neno. Yule mtu hakuifungua bahasha. Aliipandisha juu ya kabati, akakaa na mkewe, wakanywa supu, na nawaapia, ile supu ya mwisho hakuna aliyeona ni ndefu, isipokuwa Bibi Nangasu aliyekuwa amelala.

Mablanketi yalipoondolewa jua lilikuwa bado lipo. Mzee akasema anataka kumpelekea Doru sauti yake. Mtandao kule unapatikana sehemu moja tu, nje karibu na kengele ya kanisa, basi tukatembea naye hatua kwa hatua, dada Naetwe mkono mmoja, mimi mwingine, tukasimama pale ambapo unaiona nyika yote ya chini mpaka mbali. Dada akafungua simu, akanipa niishike, yeye akamshika baba yake kwa mikono miwili. Nikabonyeza ile alama ya sauti, nikaisogeza mdomoni kwa mzee, kama nilivyokuwa naishika ile maiki.

Aliongea lugha ile, na ulimi wake, ule uliokuwa unajikwaa kwenye Kiswahili, huku ulijikwaa kidogo tu mwanzoni, halafu ukashika mwendo, sijui kwa nini. Haikuzidi nusu dakika. Katikati alicheka. Mwishoni alitaja jina, Doru, akanionesha kwa kidole niachie. Nikaachia. Ujumbe ukaondoka.

Dada Naetwe akamuuliza, "Baba, umemwambiaje? Umemsamehe? Umemuuliza?"

Mzee Zefania akanitazama mimi. "Mwulize Eli," akasema. "Yeye ndiye mtafsiri."

Dada Naetwe akanigeukia kweli, macho yamejaa maji, anasubiri. Na ningeweza, nyie mnanijua, maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno, mazuri kabisa, ya kumliza mtu. Nikayameza. Nikasema, "Dada, sijui."

Mzee akanishika bega, tukaanza kurudi kwenye chai. Tangu siku hiyo sijashika maiki, na mtu akiniuliza kitu nisichokijua namjibu hivyohivyo, hata awe mteja na simu yake mkononi, hata kama ukumbi mzima umenyamaza unanitazama. Doru alijibu, hilo najua, kwa sababu wiki ile ile dada Naetwe alinipigia akasema wazee wanatumiana sauti kila siku, mpaka bando haikai. Wanaambiana nini sijui, na sijauliza.